Jumamosi za Tauno

Kuikkaniemi,
Jumapili, Machi 1971

Dada yangu mpenzi Irja,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji Arvo, kutoka huku msituni ambako bado tunavaa soksi mbili mbili na theluji imefika kwenye kingo za madirisha. Mimi ni mzima wa afya, vidole vyote vipo, na ng'ombe wangu Mansikki naye hajambo. Sijui nyinyi hali zenu. Lile goti linasemaje? Usiniandikie kwamba limepona, maana nakujua: utapanda ngazi zote za hiyo ghorofa umeuma midomo, na ukiulizwa utasingizia viatu. Na kikohozi cha shemeji je? Mwambie aache kuvutia sigara dirishani. Baridi na moshi kwa pamoja havijamponya mtu.

Barua yako nimeipata. Veikko wa posta aliileta akiteleza juu ya theluji kwa skii zake, akaketi, akanywa kahawa yangu mpaka birika likalia ukavu, ndipo akakumbuka kuitoa mfukoni. Nimeisoma, nimeielewa. Unanikumbusha tulivyoagana stesheni: nijaribu msimu mmoja wa baridi, na Pasaka ikifika nikiwa nimeshindwa kuishi peke yangu, basi nifunge nyumba, nimuuze Mansikki, nije Tampere kwako. Unasema hutaki hadithi, unataka neno moja tu, naja au siji. Nitakujibu dada yangu, hilo usihofu. Lakini tangu lini mimi nikajibu kwa neno moja? Weka kahawa jikoni, ukae.

Kwanza nikupe za nyumba. Paa la baba halikuanguka, ingawa wote mlilichimbia kaburi. Lilivuja upande wa mashariki tu, nikalibandika magome, likanyamaza. Nilipofika vuli ile nilianza na sauna kabla sijagusa nyumba yenyewe, kama mama alivyotufundisha, kwamba mwenye sauna ana pa kuogea, pa kulala, na pa kuugulia, nyumba itajengeka baadaye. Ni ile ile ya zamani pale ukingoni mwa ziwa, ya magogo, isiyo na dohani. Nikayapanga upya mawe, nikayapasha moto tangu asubuhi, moshi ukajaa ukatoka, nikaingia, nikamwaga maji juu ya mawe. Ule mvuke uliponipiga mgongoni nilicheka peke yangu kama mwehu. Miaka yote ile kiwandani, Irja, miaka yote ya kusikia mashine za kufuma hata usingizini, nikaona inanitoka pamoja na jasho.

Najua watu wanasemaje huko. Wenye akili zao wote wanakimbilia mjini au wanavuka kwenda Uswidi, halafu Lempi, mjane asiye na mtoto, anarudi kwenye giza na taa za mafuta. Waache waseme. Mimi nina maji ya kisima yasiyonuka dawa. Nina viazi shimoni hadi kiangazi. Nina samaki ninaowatoa chini ya barafu kwa mikono yangu mwenyewe. Asubuhi nikitoka kumkamua Mansikki, theluji inalia chini ya viatu, misonobari imesimama kimya imebeba mizigo yake myeupe, na hakuna msimamizi wa kuniuliza kwa nini nimesimama. Nasimama mpaka nichoke. Ni raha, dada. Sina neno jingine.

Makosa nimefanya, sikufichi. Kuni za mwanzo nilizikata mbichi. Mtoto wa Kuikkaniemi mzima, binti wa baba aliyekuwa akikausha kuni miaka miwili kabla hajazigusa! Mji uliniharibu, nikadhani kuni ni kuni. Zikafuka, zikatoa machozi, nami nikatoa machozi pamoja nazo. Siku moja nikaamka nikakuta kando ya ngazi rundo la kuni kavu, zimepasuliwa vizuri, zimepangwa magome juu. Hakuna aliyebisha hodi. Nyayo za skii tu, zimetoka ziwani, zimerudi ziwani.

Hapo sasa inabidi nikwambie habari za Tauno. Unamkumbuka? Yule mtoto wa Hulda wa ng'ambo ya ziwa, nyuma ya ile rasi, aliyekuwa akikaa mwisho wa darasa akitazama dirishani, mwalimu akimwita anasimama, anafikiri, anakaa tena. Hajaoa, hajahama, hajabadilika. Ila nywele zimekuwa nyeupe na mabega yamekuwa mapana.

Jumamosi ya kwanza baada ya theluji kushika, nikasikia mtu anakung'uta viatu kibarazani. Nikafungua, nikamkuta amesimama na taulo amelikunja kwapani. Akasema, "Sauna imeungua." Nikasema, "Pole, Tauno. Ingia." Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Wewe unajua kwetu. Sauna za moshi kuungua ni jambo la kila siku, na mtu aliyeunguliwa na sauna hata akiwa adui yako humfungii yako Jumamosi. Wala humwulizi iliunguaje. Akitaka kusema atasema.

Hakusema. Akaja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Yeye anaoga kwanza, mimi namfuata, halafu tunakaa jikoni tunakunywa kahawa na mkate mweusi wenye siagi ya Mansikki. Mimi naongea. Jamani, nilivyoongea! Nimemwambia habari za kiwanda, za marehemu mume wangu, za goti lako, za shemeji na sigara zake. Anakijua kile kisa cha kofia yako iliyopeperushwa ukiwa darajani, samahani. Yeye anasema, "Mm." Siku akichangamka sana anatazama nje anasema, "Theluji." Nami namwambia, "Naam Tauno, theluji, ingekuwa unga tungekuwa matajiri." Anafikiri weee, kisha anaongeza, "Na kesho tena." Nikamtania kwamba asitumie maneno yote leo, abakize ya Krismasi. Akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Akishanywa anavaa skii, anainamisha kichwa, anakwenda.

Lakini Jumatatu nakuta theluji ya paani imeondolewa. Au ule ubao mbovu wa kisimani umebadilishwa. Wavu wa chini ya barafu unajua ni kazi ya watu wawili, mmoja shimo la huku wa kusukuma ule mti mrefu wenye kamba, mwingine shimo la kule wa kuudaka. Nilikuandikia kwamba nimetega wavu. Sikukuandikia ni nani aliyekuwa kwenye shimo la pili.

Sasa sikia. Mwezi uliopita, Jumamosi moja, nikapasha sauna kama kawaida, nikaoka, nikangoja. Tauno hakuja. Nikasema labda upepo. Sikuoga hata mimi, dada, mawe yakapoa bure. Wiki nzima ikapita, hakuna nyayo ziwani. Nikaanza kuwaza mambo. Mwanamume wa umri ule, peke yake, shoka mkononi, mti ukimwangukia nani atajua? Jumamosi ya pili sikungoja. Nikafunga kwenye mkoba mkate, dawa ya kuchua, kamba, na blanketi la mama, nikavaa skii, nikakata ziwa mchana kweupe huku nikimwomba Mungu na kumtukana Tauno kwa zamu.

Nilipozunguka rasi nikaona moshi. Nikadhani nyumba inaungua. Nikakaza mwendo. Siyo nyumba, Irja. Ilikuwa sauna. Sauna ya Tauno, imesimama ukingoni, nzima, nyeusi kwa masizi ya miaka na miaka, paa lake zima, mlango wake mzima, haina hata alama ya kuungua!

Kabla sijafunga mdomo, mlango ukafunguka, akatoka Tauno mwenyewe, uchi kama alivyozaliwa, mwili mzima unafuka mvuke, anaelekea kwenye shimo la barafu. Akaniona. Akasimama. Nami nimesimama na mkoba wangu wa matanga. Nikamwambia, "Tauno! Una sauna!" Akaitazama ile sauna kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaiona leo. Akasema, "Ninayo." Nikamwuliza, "Si iliungua?" Akanitazama, akatazama shimo, kisha akaingia kwenye maji ya barafu mpaka shingoni. Loo! Sijawahi kuona mtu mzima akijificha vibaya namna ile. Nilicheka hadi skii zikanivuka, nikakaa kwenye theluji.

Jikoni kwake, akiwa ameshavaa na masikio mekundu kama moto, nikambana. Nikamwuliza kwa nini avuke ziwa zima kwenye baridi, Jumamosi baada ya Jumamosi, kufuata sauna ya mtu na yake ipo? Akazungusha kikombe. "Mtu huwezi kwenda tu kwa mwanamke," akasema. "Lazima uwe na shida." Nikamwambia haya, hilo nimelielewa. Na hizi Jumamosi mbili je? Shida imekwisha?

Akainuka, akatia kuni kwenye jiko, akarudi kukaa. Halafu akaniambia kwamba Veikko wa posta alimpa habari kuwa mimi naondoka Pasaka, dada yangu ananichukua. Kwa hiyo akaona afadhali aanze mapema. Aanze nini, nikamwuliza. Akasema, "Kujizoeza."

Irja, dada yangu, nilikuwa na kicheko bado mdomoni, kikageuka kilio hapo hapo. Nikamfokea. Nikamwambia wewe mwanamume wewe, msimu mzima wa baridi unakaa mezani kwangu, unakula mkate wangu, ulishindwa nini kusema? Unajua alinijibuje? Kwa upole kabisa, bila ubaya wowote, akasema, "Wewe ulikuwa unaongea."

Cheka tu, najua unacheka. Mimi nilikosa la kusema, na hilo peke yake ni muujiza. Nikafuta macho, nikamwambia basi, leo nimenyamaza, sema wewe. Nikafunga mdomo. Dada, nimekata kuni mbichi, nimevunja barafu kwa shoka, nimemzalisha ng'ombe gizani, lakini hakuna kazi ngumu niliyoifanya huku kama kukaa kwenye kile kiti bila kusema neno. Birika likachemka likamwagika, sikusema. Paka wake akapanda mezani akalamba siagi, sikusema. Tauno anatazama mikono yake, anatazama dirisha, anatazama mikono yake. Ndipo akaninyanyulia uso akasema, "Usiende."

Hayo tu. Na mimi niliolewa kwanza na mtu aliyejua kuniandikia mashairi, Mungu amrehemu, lakini sijawahi kuambiwa neno lililoniingia kama lile.

Kwa hiyo sasa nikuungamie nilichokuficha. Barua zangu zote za Novemba, zile za kujisifu, niliziandika huku nikilia. Jua lilikuwa linachungulia kidogo tu na kuzama, kuni zinafuka, nilikuwa nimeshaamua kushindwa. Kila juma nilijiambia, ngoja Jumamosi ipite, Jumatatu nafunga nyumba. Halafu Jumamosi inakuja na yeye anakuja nayo, na Jumatatu najikuta nakanda mkate. Ulisema sitaweza kuishi huku peke yangu. Ulisema kweli, dada, sikuweza. Hata siku moja sikuwa peke yangu.

Jibu lako ndilo hili: siji. Mchungaji ataanza kututangaza kanisani Jumapili ijayo, na ndoa itafungwa Jumatatu ya Pasaka. Njoo wewe. Panda treni na shemeji, Tauno atawapokea stesheni na farasi wa kukodi. Njiani msimsemeshe sana, atawaambia, "Theluji," mkubaliane naye tu, amewapenda. Mahali pa kulala papo, kuni ni kavu, na hilo goti tutalitia kwenye mvuke mpaka litubu. Ukija na hasira zako, njoo nazo, tutazila na mkate.

Nisalimie shemeji sana, na jirani yako wa ghorofa ya chini, na wenzangu wote wa kiwandani watakaokuuliza, waambie Lempi hajaliwa na dubu. Tauno yuko hapa mezani mbele yangu. Nimemwuliza kama ana la kukwambia. Amefikiri tangu nilipoanza ukurasa huu, na sasa hivi, Irja, amesema "shemeji", kisha akatoka nje kwenda kukata kuni, amevaa kofia yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Lempi