Mbaazi za Kibuyu

Mama,

Mwezi wa saba umerudi na ile baridi uliyoipenda. Asubuhi ukungu unashuka mpaka uani, ukisimama mlangoni huoni zizi la mbuzi. Halafu saa nne jua linatoka, ukuta wa ghala unapata joto, na hakuna mtu wa kuuegemea. Nakuandikia nikiwa na hasira. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia mdogo wangu Kalekye, na mwisho nimejikasirikia mimi, ingawa nafikiri hapo ndipo ningeanzia.

Unakumbuka siku za kupura mbaazi? Tunazipiga kwa fimbo, vumbi linajaa kwa nywele, na mimi nataka tu kupepeta, kujaza magunia, kumaliza. Wewe unachukua uteo wako, unanyoosha miguu juani na kikombe cha uji kando, unaokota mbaazi moja moja. Unaigeuza, unaitazama. Nyingine unaiweka kwa leso, nyingine unairudisha. Ganda lililobaki kwa mti likipasuka kwa jua, unasikiliza, unacheka peke yako. "Kaa kidogo, Mwikali. Hiyo kazi haitoroki."

Sikukaa hata siku moja. Mwaka wako wa mwisho nilikwambia mbele ya majirani kwamba umezeeka vibaya, unacheza na chakula kama mtoto. Ulisema, "Sawa," ukaendelea kuokota. Hiyo sawa yako naisikia kila asubuhi ninapofungua ghala.

Ulituacha mvua ya kupanda ikikaribia. Watu walikuja kuomboleza wiki nzima, na siku ya mazishi chakula kikatuishia. Nikapanda darini juu ya jiko kutafuta, nikakuta kibuyu kimezibwa kwa gunzi, kimejaa mbaazi kubwa zilizochanganywa na majivu. Nikaosha majivu, nikazipika na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Nilijipongeza, Mama. Niliona nimekuokoa na aibu.

Kalekye alifika siku hiyo hiyo kutoka Kasikeu alikoolewa. Uliugua miezi minne na yeye alikuja mara mbili tu, nami sikumuuliza kwa nini. Alipotaka kuketi na sisi watoto wako, nilimwambia mbele ya pasta, "Wageni wanakaa upande ule." Akaenda. Mdogo wangu, uliyemzaa wewe, akaketi na wageni, akapewa sahani. Akatia kijiko kimoja mdomoni, akasimamisha mkono.

"Hizi umetoa wapi?" aliniuliza.

Nikamjibu kama hapendi chakula chetu aache. Hakuacha. Alikula polepole mpaka ya mwisho, machozi yakianguka kwa sahani. Nilidhani anakulilia wewe, na nilifurahi kumwona analia.

Mvua ilipoanza nilitafuta mbegu nyumba nzima. Nikanunua sokoni Zombe zile zinazokomaa haraka. Zilizaa vizuri, sitakudanganya. Mwezi wa pili tulikuwa tumeshavuna. Lakini sasa ni mwezi wa saba na shamba ni vijiti tu, mbuzi wanazunguka ndani. Hakuna cha kupura. Hakuna ile harufu ya maganda makavu na moshi. Jua linatoka saa nne na mimi nimesimama uani na fimbo mkononi, sina la kupiga. Hapo ndipo nilipoelewa ulichokuwa ukifanya pale ukutani miaka yote. Zile ulizoweka kwa leso ndizo zilikuwa zinaingia kibuyuni. Ulikuwa unachagua mbegu, na mimi nikazipikia watu wa matanga.

Na wewe hukusema. Hilo nalo nakulaumu. Ungeniambia tu, mbegu iko juu ya jiko. Labda ulisema nikiwa nimeshakupa mgongo.

Kalekye ndiye aliyekuwa amebaki nazo. Alipoolewa ulimpa kibuyu chake, na amezipanda kila mwaka tangu siku hiyo. Wiki iliyopita nilifunga sukari na leso mpya, nikaenda. Nilifika saa saba, jua limeshafunguka. Alikuwa ameegemea ukuta wake, miguu imenyooshwa, uteo kwa mapaja. Mama, nilidhani ni wewe. Nilisimama njiani mpaka mbwa wake akabweka.

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba mbegu, konzi moja tu. Alisikiliza yote bila kunitazama, akainuka, akaingia ndani. Nikafungua mfuko wangu nikae tayari. Akatoka na sahani.

"Mbegu ulishapika wewe," akasema. "Hizi ni za kula."

Zilikuwa zimechemshwa. Nilikaa chini kando yake, nikala. Alinitazama kila kijiko, kama vile ambavyo mimi ningepaswa kumtazama siku ile. Na zilikuwa tamu, Mama, hilo ndilo linaloniuma. Ukuta ulikuwa na joto mgongoni. Maganda yalikuwa yanapasuka shambani, moja hapa, moja kule. Nina miaka hamsini na mbili na nilikuwa sijawahi kukaa hivyo. Nilikaa kwa mtu asiyenitaka.

Nilirudi na mfuko mtupu. Leso aliichukua, sukari akanirudishia.

Sasa lala, Mama. Kwako sina tena la kuomba. Baridi ikirudi mwaka ujao nitaenda Kasikeu, nitaketi kwa ukuta wake, nitaokota moja moja kama ulivyookota, na zote nitaziweka kwa leso yake. Akinipa sahani tena, nitakula. Sitainuka kabla yake.

Mwikali wako