Nyanya Hazisubiri Mgonjwa

Jumamosi, 8 Machi

Bustani imeamua kuzaa yote kwa mpigo. Nyanya, karoti, matango, maharage mabichi – asante sana! Aliyeipanda, mke wangu, kalala chumbani, anasubiri kupasuliwa uvimbe tumboni baada ya wiki mbili. Daktari kasema anyanyuke, ale, atembeetembee. Akilala tu hivi, operesheni itamshinda. Mama watoto kamjibu kwamba amechoka. Ila kuamrisha hajachoka hata kidogo. Kitanda tumekisogeza karibu na mlango ili asikie ya jikoni. Kuanzia leo namwita Mheshimiwa.

Agizo la kwanza: nyanya zote ziingie kwenye chupa kabla hazijaoza. Mtekelezaji: mimi. Fundi umeme mzima, nimefunga nyaya za maghorofa, leo nafundishwa kumenya nyanya! Unatumbukiza kwenye maji ya moto, halafu ya baridi, ganda linabanduka lenyewe. Ngozi ya vidole vyangu nayo imebanduka yenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Chupa za nyanya zimepasuka zikichemka ndani ya sufuria. Nilisahau kutandika kitambaa chini. Mheshimiwa kasikia mlio tu, akauliza kama napika au nafunga transfoma. Jirani kapita kumjulia hali, akaniambia nina bahati kupata cha kunishughulisha. Bahati! Nimembebesha ndoo ya matango, tugawane hiyo bahati.

Jumanne, 11 Machi

Leo zimekubali! Vifuniko vimezama katikati, ukivibonyeza havichezi – ndiyo dalili kwamba hewa haipiti. Nikampelekea chupa moja kitandani, kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Nilitegemea sifa. Akabonyeza kifuniko, akasema vizuri, mwakani hutahitaji kumuuliza mtu. Akageukia ukutani.

Nimeosha sufuria ile ile mara mbili. Mwakani! Kumbe siku zote hizi sikuwa msaidizi. Nilikuwa narithishwa jiko. Mwenzangu ameshajitoa hesabuni, anakabidhi ofisi.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu kumwambia siwezi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamua kuwa mjinga. Nikifuzu, atajiona amemaliza kazi. Basi sifuzu ng'o! Maharage nimeyachemsha mpaka yamekuwa uji. Karoti nimezitia chumvi ya kutosha mtaa mzima. Mheshimiwa akauliza, jana si ulijua wewe? Nikasema nimesahau. Akashusha pumzi, akasema basi tutaanza upya kesho. Tutaanza upya – tamu hiyo! Uji wa maharage nimeula mwenyewe, adhabu yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeunguza. Binti yetu kapiga simu, anauliza mama anaendeleaje. Nikamwambia anafundisha, tatizo mwanafunzi mzito. Kacheka sana. Mimi nimekwangua sufuria.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika mezani jikoni, chini ya ulinzi.

Nilianza kujaza nyanya kwenye chupa ambazo hazijaoshwa. Makusudi. Nikatangaza kwa sauti kwamba zina mabaki ya jemu kidogo tu, si kitu. Nikadhani kalala. Mara nasikia miguu sakafuni. Nageuka – huyo hapo mlangoni! Gauni la kulalia, mkono ukutani, macho yamemtoka. Kaniita pumbavu. Sijawahi kufurahi hivi kutukanwa.

Kaamuru nikae, nisiguse kitu. Kavuta stuli mpaka jikoni, kashika mwiko. Nilinyoosha mkono nimsaidie, nikachapwa mwiko. Halafu akaonja nyanya, eti anaangalia chumvi. Akaonja tena. Na tena! Huyu huyu aliyekataa supu jana.

Sasa anauliza siki iko wapi. Iko chini ya meza, nimeibana kwa miguu. Nimemjibu sijui, labda kabatini. Ananyanyuka. Anautukana ukoo wangu mmoja mmoja, hakuna aliyesazwa. Kabati la kwanza amelimaliza. Kasimama, kashika meza, anapumua. Nimeinamisha kichwa, naandika tu, asinione uso. Anaelekea la pili –