Fahali wa mume wangu alimvunja ndugu yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana hapa nyumbani sina wa kumweleza haya. Nimeolewa Shinyalu na bwana yangu, Ligale, anafuga fahali wa kupigana, na kama unavyojua, huku kwetu siku ya fahali hakuna anayebaki shambani, hata katekista huja akasimama pembeni, na ndugu yangu Shivachi ndiye aliyekuwa akimtangulia fahali wetu akipiga ngoma ya isukuti kutoka nyumbani mpaka uwanjani, nami nikikimbia nyuma na akina mama wengine tukiimba mpaka sauti inakauka, na sijapata furaha nyingine kama ile.

Mwezi wa nane fahali wetu alishindwa na mwenzake, akageuka kukimbia, Shivachi hakuwahi kumpisha, fahali akamkanyaga nyonga. Sasa anatembelea magongo na daktari amesema mguu hautarudi ulivyokuwa. Ligale alilia, nilimwona, lakini Jumamosi ijayo anamrudisha fahali uwanjani, anasema akimwacha na aibu ya kushindwa ukoo wote utachekwa. Mama yangu naye ameniletea neno kwamba nikimkatia tena yule mnyama nyasi nisikanyage kwake, na mimi ndiye ninayemkatia kila asubuhi, tena nimemlea tangu akiwa ndama, na siwezi kukuficha, bado nampenda, ila nikimpapasa shingo moyo unaniuma.

Nilimwendea Shivachi nikamwambia nitambembeleza Ligale amuuze. Akasema, "Usimuuze. Lakini akishinda, usije kuniambia."

Tangu hapo sijarudi kwake. Nimfuate mama au bwana?

Mideva, Shinyalu

JIBU

Pole, Mideva, na pole zaidi kwa Shivachi, ambaye watu wanagombana kwa ajili yake na hakuna anayekaa naye.

Kumkatia mnyama nyasi si kosa. Mama yako anasema kwa uchungu wa mzazi, kwa hivyo usibishane naye. Nenda kwake hata akikupa kisogo. Ligale hutamzuia, na mwenye mguu mwenyewe hakumkataza. Lakini mwambie waziwazi asitafute mpiga ngoma mwingine kabla hajaenda kwa Shivachi, akae, amwambie uso kwa uso kwamba fahali anarudi uwanjani.

Wewe ndiwe nitakayekugombeza. Ndugu yako alikufungulia moyo, nawe ukakimbia. Ulidhani anayemsumbua ni fahali. Dada yangu, kijana huyo alikuwa anatangulia mbele ya watu wote, sasa atawasikia wakipita akiwa ndani. Hilo ndilo linalomuuma, na kuuza ng'ombe hakuwezi kumrudishia.

Jumamosi usiende uwanjani. Amkia kwa Shivachi, upike, ukae. Ngoma zikianza kusikika usizizungumzie mpaka aanze yeye. Akilia, mwache alie. Na akitaka kutoka mpaka barabarani atazame, tembea kando yake, polepole, wala usimshike mpaka akuombe.