Mwanasesere wa Kabatini

Alhamisi, mvua tangu alfajiri. Viatu vyangu vimejaa tope jekundu, nimeviacha mlangoni. Sina moyo wa kuvisafisha.

Leo nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Ninafundisha shule ya uuguzi hapa Kamina, Kongo. Wiki iliyopita niliwasomea wanafunzi imla ya nadharia za ujifunzaji: mtu mzima hujifunza kwa kutenda, kukosea na kutenda tena. Nilisoma polepole, wakanakili kwenye kaye, madaftari yao, kisha nikawahoji neno kwa neno. Ngoie alijibu yote bila kuacha nukta. Nilimsifu mbele ya darasa.

Asubuhi hii nilikuwa naye wodi ya wazazi. Mtoto akazaliwa kimya. Nikamwambia Ngoie ampe hewa, maana hatua zake nazo nilishawasomea. Akazitaja zote kwa Kifaransa, kwa sauti, huku ameshika barakoa ya hewa juu chini. Mfuko wa hewa hakuubana hata mara moja.

Na mimi je? Nilifoka.

"Weye haukusoma!" Nilisema hivyo mbele ya mama aliyekuwa bado kitandani, anauliza kwa nini mwanawe halii.

Mama Véro, mkunga wa zamu, alimsogeza Ngoie kwa kiwiko, akaigeuza barakoa, akaanza kubana mfuko wa hewa. Mtoto akalia. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na kalamu yangu mkononi.

Nje, Ngoie hakunilaumu. Bora angenilaumu.

"Monsieur, mu kaye minyi nilishika yote," akasema. "Mikono njo haikujua."

Ingejuaje? Mwanasesere wa mazoezi tunaye. Yuko kabatini, bado ndani ya nailoni yake, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Wakija wageni wa ukaguzi namtoa, wanamsifia, namfungia tena. Niliogopa wanafunzi watamharibu.

Mchana, darasa lilipokuwa tupu, nilichana ile nailoni. Nikaweka barakoa usoni pake, nikabana mfuko.

Kifua hakikupanda.

Nikajaribu tena na tena, jasho likanitoka. Miaka yote hii nimefundisha kitu ambacho mikono yangu haijawahi kukifanya.

Mama Véro amekubali kuja kesho kutuonyesha. Kwanza nitamwomba Ngoie msamaha, wote wakisikia, na ufunguo nitamkabidhi yeye. Kisha nitapanga mstari na wanafunzi, nyuma ya Ngoie.

Zamu yangu ikifika, je, nitathubutu kukosea mbele yao?