Kompyuta Isiyopiga Hodi

Jumanne, Kariakoo

Na mimi nilivyojisifu wiki nzima! Kiprogramu changu cha mfumo huria wa kompyuta, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea, kimefungashwa vizuri: ukishakisakinisha, unachomeka flashi tu, kompyuta inaifungua yenyewe. Kesho nilitaka kukituma kwa wenzetu wa ng'ambo wanaousimamia wakiingize kwenye mfumo huo, kila mtu akitumie bure.

Asubuhi nikamwita jirani yangu Mama Neema, muuza vitenge, aje akijaribu hapa dukani kwangu ninapotoa fotokopi. Alipochomeka flashi yake, picha za vitenge alivyoagiza Uchina, ambavyo hata havijafika, zikajaa kwenye kioo. Na kwenye benchi alikuwepo mshindani wake akisubiri fotokopi! Shingo ikamrefuka.

Mama Neema akachomoa flashi kwa hasira. "We kijana, kompyuta yako haina adabu! Inaingiaje chumbani kwa watu bila hodi?"

Nilinuna. Kazi yote ile, halafu... Lakini kasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Je, ningekituma hivyo hivyo dunia nzima?

Mchana nikakirekebisha, nikakifungasha upya. Sasa inauliza kwanza, "Hodi, nifungue?", na chini kuna kitufe cha kubonyeza kukubali.

Jioni, duka likiwa tupu, Mama Neema akarudi. Akachomeka, akasoma swali, akaiweka sawa khanga yake.

"Karibu!" akaiambia kompyuta.

Akasubiri. Kimya. Mimi nimejikaza nisicheke.

Akaniinamia sikioni. "Labda asubuhi niliigombeza sana. Inaona haya."