Kaka na Mtu wa Shati la Mistari

Mwenzangu, niko chooni kwenye maonyesho ya picha alizochora wifi, mke wa kaka. Nimekuja kuchekea huku.

Kaka kaingia na simu usoni. Kila mchoro anaupiga picha, anatuma kwenye kundi la familia, anasogea. Hakuangalia hata mmoja kwa macho yake.

Akafika kwenye ule mkubwa: mwanamume wa shati la mistari, yuko mezani ameinamia simu, chakula kimepoa. Akapiga, akaandika, "Mke wa huyu ana kazi."

Mwenzangu, shati lile lile ndilo alilovaa. Lile lile.

Watu wanamtazama yeye, wanautazama mchoro. Wifi akamwuliza taratibu, "Humjui?"

Eti, "Nitamjulia wapi?"

"Jioni zote hizo nimekaa mbele yako nakuchora," wifi akamwambia. "Hukuinua macho hata kuuliza nafanya nini."

Kaka akalitazama shati lake. Akanipa simu nimshikie, na nimemwacha amesimama pale pale anautazama mchoro, machozi yanamlengalenga.

Ngoja, simu yake imelia mkononi mwangu. Wifi kamjibu kwenye kundi, ukoo mzima unasoma: "Kazi ninayo. Ila leo kainua macho."