Nyusi za Pakorn

Ang Thong, 3 Februari

Mwanangu Pakorn,
Hujambo? Mimi sijambo, ila miguu tu. Nimesikia umepata ile nafasi kubwa kwenye filamu, ya kijana wa leo anayezinduka enzi za wafalme wa Ayutthaya. Nimelia kwa furaha! Sasa kuna jambo dogo. Nilimwekea nadhiri Babu Mlinzi, mzimu wetu wa pale kijumbani hekaluni, kwamba ukipata utaingia utawa wa Kibudha siku kumi na tano. Umepata. Njoo kabla mwezi haujaisha.
Mama yako

Ayutthaya, 9 Februari

Mama yangu,
Shikamoo. Pole na miguu. Lakini mama, jamani! Nadhiri uweke wewe, kichwa kinyolewe changu? Tena si nywele tu, hata nyusi! Huku asubuhi niko zama za kale, mchana niko Bangkok ya leo. Nitavukaje karne tatu, nyusi nimeziacha njiani? Mkataba unanikataza hata kupunguza nywele. Nimeisubiri nafasi hii miaka sita! Mpelekee Babu mayai mia ya kuchemsha, kama wanavyofanya wenzako.
Mwanao Pakorn

Ang Thong, 14 Februari

Mwanangu,
U mzima? Mayai! Babu hakuahidiwa mayai. Hiyo miaka sita unadhani nani aliikatiza? Wewe na sura yako? Usinifanye mwongo mbele yake.
Mama yako

Ayutthaya, 5 Machi

Mama,
Shikamoo. Nimekuandikia mara tatu, kimya. Leo dada Nuan kanieleza: umeteleza kwenye ngazi za hekalu, nyonga imevunjika, na unakataa kupasuliwa mpaka nadhiri itimizwe. Mama, ngazi zilikuwa zimelowa! Hakuna mzimu aliyekusukuma! Umenichosha, nakwambia kweli, umenichosha. Nakuja Jumamosi. Mwambie daktari ajiandae, na kinyozi pia.
Mwanao Pakorn

Ang Thong, 21 Machi

Kwa Mheshimiwa Mtawa,
Nakusujudia. Afya yako njema? Nyonga yangu inapona. Jana nilimbana Nuan mpaka akasema: Jumamosi ileile uliyonyolewa, nafasi yako walimpa mtu mwingine. Nawe ukanyamaza! Nina mengi ya kukugombeza, lakini mtawa hagombezwi, nami ndiye niliyekutia humo. Najuta, Mheshimiwa. Najuta sana.

Leo asubuhi ulipopita na bakuli lako la sadaka, Nuan alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka barabarani nikakuwekea wali. Bila nyusi ulikuwa kama siku niliyokuzaa. Nikanyoosha mkono nikushike shavu, nikakumbuka mtawa haguswi na mwanamke. Nikaurudisha.

Zimebaki siku nne. Ukishavua hilo vazi, usiseme kitu. Nikaribie tu, nikushike.
Muumini Lamduan, aliyekuzaa